Thaiyalnayaki na Somo Yake

Ndugu zetu, majirani wa mtaa huu wa wauza vyombo, nanyi wanafunzi wake mliojaa hadi barazani, familia imeniomba niwasomee maisha ya shangazi yetu kabla wanaume hawajamwinua, na kwa kuwa jua la Kumbakonam halina subira, na yeye mwenyewe hakupenda mtu anayechelewa kuanza, ninaanza.

Marehemu Thaiyalnayaki alizaliwa tarehe 14 Februari 1947, hapa hapa Kumbakonam, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Bwana Vaithilingam, aliyekuwa na duka la vyombo vya shaba, na Bibi Sivabagyam, na aliyemfuata kuzaliwa ni baba yangu, ambaye marehemu alimbeba ubavuni miaka yote ya utoto wao, mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, kiuno kikapinda kabla hakijafundishwa kupinda.

Alianza masomo katika shule ya wasichana ya mjini mwezi Juni 1952, akahitimu darasa la kumi na moja mwezi Aprili 1963, lakini yeye aliposema "shuleni kwetu" hakuwa na maana ya shule hiyo, alikuwa na maana ya ukumbi mdogo wa Mwalimu Arumugam nyuma ya hekalu, alikopelekwa kujifunza dansi mwaka 1954, siku ileile alipopelekwa binti wa sonara wa nyumba ya pili, Kokilambal, ambaye sote tunamwita Bi Kokila, na ambaye yupo nasi, ameketi pale karibu na miguu ya marehemu.

Mwalimu huyo aliketi sakafuni akigonga kipande cha gogo kwa fimbo, nao watoto walikanyaga chini kwa mapigo hayo, magoti yamekunjwa na kufunguliwa pembeni, na aliyejiinua kidogo kwa kuchoka alisikia mbele ya wenzake, "We Kokila, unacheza au unachungulia dirisha la watu?", naye Kokila, ambaye hata akisimama wima hakufika begani kwa Thaiyal, ndiye shangazi yetu, alijibu, "Mwalimu, mimi nimekaa tangu kuzaliwa, wa kukalishwa ni huyu mnazi," na ukumbi mzima uliangua kicheko, mwalimu naye akageuza uso ili fimbo isipoteze heshima yake. Wawili hao walikula ukwaju mmoja kwa kupokezana, walipigiana mapigo ya dansi kwenye ukuta uliotenganisha nyumba zao hadi mama zao wakapiga kelele, na kama mmoja alikosea mkono, mwingine alikosea makusudi ili fimbo igawanywe. Marehemu alituambia mara nyingi kwamba hakuwahi kuwa na furaha nyingine iliyofanana na ile ya miguu yake kutua chini na kusikia miguu ya mwenzake imetua papo hapo, sauti moja.

Tarehe 3 Mei 1961 walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, pamoja, na mchezo uliowapa jina mjini ulikuwa ule wa mwanamke anayemngoja mpenzi wake, anayemtuma somo yake, rafiki wa kutunza siri zake, akamwite, na wimbo unakwisha kabla somo hajarudi. Thaiyal, kwa kuwa mrefu na mwenye macho ya huzuni hata akila, alikuwa mwenye kungoja, na Kokila alikuwa somo, akigoma kwenda kwa kila kisingizio, mara jua kali, mara mbwa wa njiani, mara mwiba mguuni, na kila usiku wa maonyesho alizua kisingizio kipya ili mwenzake acheke katikati ya kilio, na Thaiyal hakucheka kamwe mbele za watu, alicheka nyuma ya pazia mpaka wanja ukamwagika shavuni.

Tarehe 21 Novemba 1966 Bi Kokila aliolewa na karani wa reli na kwenda kuishi Nagpur, kaskazini mbali, ambako mama mkwe alizitazama njuga zake za miguuni na kusema, "Humu ndani hatuna sherehe kila siku, mwanangu," na njuga zikafungwa sandukuni. Huku nyuma marehemu alikaa miezi hakugusa sakafu ya ukumbi, mpaka Mwalimu Arumugam alipokuja mwenyewe nyumbani, akanywa kahawa yake yote, kisha akamwambia, "Haonekani, sawa, basi mtazame hapohapo alipokuwa akisimama," na tangu siku hiyo shangazi alicheza peke yake, na kila alipofika mahali pa kumtuma somo yake aligeuza macho kushoto, chini kidogo, pale ambapo uso wa Kokila ungekuwapo.

Tarehe 8 Juni 1969 alifunga ndoa na marehemu Bwana Natesan, mwalimu wa hesabu, mtu mwema ambaye hakujua tofauti ya mkono wa dansi na mkono wa kusimamisha riksho, lakini aliketi safu ya mbele katika kila onyesho na kulala hapo usingizi wa haki, na marehemu alisema mume anayelala mbele ya watu ni bora kuliko anayekukataza mbele ya watu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ilango, aliyezaliwa mwaka 1971, mhandisi huko Coimbatore, na Poonguzhali, aliyezaliwa mwaka 1974, anayefundisha dansi katika ukumbi huu tulimoketi, na wajukuu watatu.

Kazi yake ilikuwa kufundisha, aliyoianza mwaka 1975 katika chumba cha mbele, ndio ukumbi huu, na kuiendeleza hadi pumzi ilipomkatalia, na watoto wa mji huu waliopita mikononi mwake ni wengi mno, na ninyi mnajuana, kwa sababu nyote mnamtazama rafiki wa wimboni kushoto, chini kidogo. Mwaka 1988 mtahini wa dansi aliyetoka Madras aliweka kalamu mezani na kuuliza, "Mama, hawa watoto wanamtuma rafiki, au wamedondosha hereni?", na shangazi akasimama, akasema kwa adabu zake zote, "Mheshimiwa, rafiki yetu ni mfupi," na alama zikakatwa, na hakusahihisha hata jicho moja, mwaka ule wala miaka iliyofuata, na ninyi mliokatwa alama msinitazame hivyo, mimi pia nilikatwa.

Ndugu waombolezaji, yapo mambo ambayo familia ingeweza kuyapita kwa staha, lakini kumsoma shangazi bila hamu yake ni kusoma nusu, naye alikuwa na hamu moja tu, kucheza tena na Kokila, hata mara moja. Kila sikukuu ya mavuno Bi Kokila alipiga simu kutoka Nagpur na kusema mwaka huu anakuja, na kila mwaka palitokea jambo, mama mkwe kupooza, mume kustaafu, mume kufariki, mjukuu kuzaliwa, magoti, na shangazi alimjibu, "Wahenga walisema kawia ufike, wewe mwenzangu unakawia tu," akacheka, akakata simu, kisha akakaa pale dirishani na kahawa yake mpaka ikapoa, na sisi watoto tulijifunza kutompitia karibu saa hiyo. Bwana Natesan alipofariki, tarehe 30 Agosti 2009, alimlilia kwa haki yote ya mke, lakini tuliokuwa karibu naye tulijua kwamba huzuni hiyo ilimkuta mtu aliyekwisha kuzoea kutazama mahali patupu.

Mwaka 2016 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa na baadaye Thanjavur, na daktari akamwambia dansi basi, hata ngazi basi. Ndipo tarehe 12 Januari mwaka huu wa 2019, Bi Kokila aliposhuka kwenye treni akiwa ameshikwa mkono na mkaza mwana wake, na shangazi, mwenyeji wake, aliyekatazwa kwenda stesheni, alikuwa amekwisha kufika stesheni, akamtazama kwanza juu ya kichwa, akashusha macho, akayashusha tena, akasema, "Kokila, wamekupunguza!", naye akajibu, "Reli, dada, ukiikalia muda mrefu inakula miguu."

Siku ya tatu yake, katika ukumbi huu, waliketi kwenye viti viwili ili wacheze ule wimbo kwa mikono na nyuso tu, kama daktari alivyoruhusu, na kabla mwimbaji hajatoa sauti Bi Kokila alisema kwamba hataki kuwa somo. "Maisha yangu yote nimetumwa, kwa mwalimu, kwa mama mkwe, kwa mume, kwa wajukuu, leo nataka kukaa na kungoja kama wewe ulivyongoja." Basi wakabadilishana, na Bi Kokila alingoja kwa uso ambao hatukujua anao, na shangazi alileta visingizio vyote vya zamani kimoja baada ya kingine, jua, mbwa, mwiba, akaongeza na moyo, akajishika kifua kwa mzaha mpaka Poonguzhali akainuka kwa hofu, na mwenzake akambembeleza kwa vidole, nenda, nenda kamwite, na hapo shangazi alisimama, hakuna aliyemwahi, akatembea kwa mwendo ule wa somo, kisigino kwanza, hadi nje ya mlango ule, na wimbo ukaisha. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi akihema, analia na kucheka, akisema, "Nimemsikia akicheka nyuma yangu, hakuweza kujizuia, mimi niliweza miaka yote."

Afya yake ilidhoofika baada ya hapo, akafariki dunia jana, tarehe 11 Februari 2019, akiwa nyumbani, na Bi Kokila, aliyeahirisha treni yake tangu siku ile, alikuwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole ingawa hakuwatii, majirani mliovumilia mapigo ya miguu tangu asubuhi kwa zaidi ya miaka arobaini na leo mmetupikia, wapiga ngoma na waimbaji waliofanya kazi naye, na wanafunzi wake wote. Sisi wanawake, kama ilivyo desturi yetu, tutamsindikiza hadi kona ya mtaa, na kutoka hapo Ilango na wanaume watakwenda naye mtoni kwa moto wa mwisho.

Bi Kokila hakutaka kusema neno mbele yenu. Alisema moja tu alfajiri, tulipokuwa tunamwosha, akiwa ameishika miguu ya marehemu mikononi mwake, nami nimeomba ruhusa yake niliseme. Alisema, "Husemwa mjumbe hauawi. Mbona wangu nimemtuma, hajarudi?"

Pumzisha miguu, shangazi.