Mukae Kwanza, Ndipo Nipime

Tarehe 30 ya mwezi huu wa tano, Papa Hippolyte atatundika metre yake, ule utepe wa kupimia, kwenye musumari wa mulango wa atelye yetu ya kushona hapa Mbunya, Bunia, na safari hii hataishusha tena. Ni miaka makumi tatu na moja ya kazi. Wengi kati yetu tulimukuta pale. Mimi nilifika na mutoto mugongoni. Ule mutoto ni Glodie, na mutamusikia tena mbele kidogo.

Kwa wageni wanaosoma programu hii ya kumuaga: siye tunashona vitambaa vya balansuare, vile viti virefu vinavyoning'inia katikati ya nguzo za chuma, kwenye viwanja vya nyumba za wageni na vya maparokia. Juu yake iko paa la kitambaa. Jua na mvua za Bunia zinalikula haraka. Chuma kinabaki, kitambaa kinachanika, ndipo wanatuita. Siye wamama tunashona, lakini anayeenda kupima, toka mwanzo, ni Papa Hippolyte.

Alianza kama mukataji wa bashi, yale maturubai ya kufunika malori. Wakati wa vita, tulipokimbia wote, watu walibeba magodoro na sufuria, na yeye alifika kule tulikokimbilia akiwa na metre shingoni. Mama Aimée, bibi yake wa ndoa, anatukumbusha mpaka leo kwamba siku ile bwana alisahau viatu vya watoto lakini metre hakuisahau. Na kwenye njia ya Gety, askari mumoja wa kizuizi aliona ile metre akamuomba amupimie suruali. Papa Hippolyte alishuka kwenye pikipiki, akamupima kwa utaratibu wote, kisha akamushauri apunguze kula fufu ao atafute kitambaa kingine. Askari alicheka mpaka akasahau kuuliza karatasi.

Kazi yake iko na sheria moja: hapimi kiti kitupu. Watu wakikaa, chuma cha juu kinapinda kidogo na nguzo zinasukumana inje. Kitambaa kilichopimwa juu ya kiti kitupu kinakuwa kizuri sana kwa macho, na siku familia inakaa, kinapasuka kwenye pembe. Kwa hiyo akifika kwa mutu, anasalimia, anauliza habari za watoto, kisha anaomba wale wanaokaaga pale wakae wote, hata koko, muzee wa nyumba mwenye fimbo.

Kwa masera, watawa wa kike wa parokia moja, upande wa Nyankunde, ilikuwa shida. Masera Priscille, mukubwa wao, alisema yeye hawezi kukaa mbele ya mwanaume mwenye metre. Papa Hippolyte hakubishana. Aligeuka, akaangalia migomba mpaka wote wamekaa, kisha akapima kutoka nyuma. Toka siku ile anapimaga wote kutoka nyuma, na wamama wa Bunia wamemupenda kwa ile.

Sasa niseme yale ya mwaka huu, kwa sababu ndiyo yamenikosesha usingizi. Patron wetu, mwenye atelye, Papa Félicien, alituambia mapema kwamba kama Papa Hippolyte anaenda na hakuna wa kupima, kazi ya balansuare itafungwa, tubaki na bashi za malori tu. Bashi ya lori inashonwa na wanaume wawili na mashine kubwa. Siye wamama tungeenda wapi? Papa Hippolyte akamuchagua Glodie wangu, akamufundisha. Mutoto ana macho mazuri na mukono hautetemeki. Lakini ana haya. Ndivyo nilimulea, mutaniwia radhi.

Mwezi wa pili alitumwa peke yake kwa Mama Patricia, mwenye nyumba ya wageni. Kulikuwa ndoa karibuni. Alikuta wazee wa familia wamesimama kiwanjani, wamevaa vizuri, wanazungumza mambo ya mahari. Mutoto wa kike amwambie muzee akae, asimame, asogee? Glodie alishindwa. Alipima kiti kitupu, akarudi na hesabu zake.

Papa Hippolyte aliangalia zile hesabu, akajua hakuna aliyekaa, akaniambia niache pindo pana pande zote. Nilinung'unika kwamba ni kuharibu kitambaa. Siku ya ndoa baba mukwe alikaa na ndugu zake wawili, na pembe mbili zikaachia mbele ya watu wote. Nilifungua lile pindo pale pale kiwanjani, na sindano ya mukono, na paa likatosha. Bila lile pindo tungeficha uso wapi? Njiani Papa Hippolyte alimwambia Glodie neno moja tu: «Heshima ni kumukalisha muzee mahali ambapo kitambaa hakitamwangukia.»

Lakini Papa Félicien alisikia yale ya ndoa, akakata maneno kwamba balansuare zinaisha na muzee. Tulimuomba. Mwishowe alikubali jambo moja. Zawadi yetu kwa Papa Hippolyte ingekuwa balansuare yake mwenyewe, maana katika miaka hii yote hajawahi kuwa nayo. Lucien wa kuchomelea vyuma alitengeneza nguzo. Glodie angepima, na Papa Félicien angekuja kuangalia; akipima vizuri, kazi ya balansuare itaendelea.

Juma lililopita tukaenda kwake. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mashine isiyo na mafuta. Papa Hippolyte alisimama kando ya nguzo, kama kawaida yake, akamwambia Glodie apime tu, yeye atakaa kitambaa kikiisha. Glodie alishika metre, akaangalia chini. Nikaanza kusali kimoyomoyo. Kisha akasema, polepole lakini wote tulisikia:

«Papa, mukae kwanza.»

«Miye nasimama, mama. Kazi yangu ni kusimama.»

«Leo hapana. Leo weye ndiye mwenye kiti. Na Mama Aimée akae, na wajukuu.»

Akakaa, lakini pembeni, kama mutu anayesubiri gari. Glodie akamwambia asogee katikati, akasogea. Wajukuu wakapanda, chuma kikapinda, Mama Aimée akacheka. Ndipo Glodie akazunguka nyuma, akapima. Papa Félicien hakutoa hotuba. Alimuita tu Glodie akamwambia kwamba kule kwa masera kitambaa kimechanika tena, aende juma lijalo.

Papa Hippolyte, paa lako limeshatandikwa, rangi ya kijani kama alivyochagua Mama Aimée. Asante kwa kazi, kwa uvumilivu, kwa kutuangalia siye wamama na watoto wetu. Kunywa dawa yako ya presha, usikae inje jioni bila koti. Mungu akupe pumziko refu, na kile kiti kisikose watu. Wajukuu watakuja wengine, na chuma kitapinda zaidi. Usiogope. Pindo nimeliacha pana, na safari hii hakuna aliyeniambia.

Mama Scholastique, kwa niaba ya wote wa atelye