Kapo la Peugeot ya Mzee Vital

Wasikilizaji wapendwa, kwanza tangazo. Huduma ya mji inayosimamia magari inawajulisha wakazi wote wa Bunia kwamba, kuanzia Jumatatu, ni marufuku kuosha gari kando ya barabara kuu siku ambayo mvua imekwisha kunyesha. Tangazo limekwisha.

Sasa tumkumbuke Josaphat, aliyezikwa Jumamosi hapa mjini. Josaphat, mzaliwa wa kijiji cha Fataki, kaskazini mwa Bunia. Mwenye Peugeot isiyo na kapo, yaani kifuniko cha injini.

Gari hilo lilinunuliwa na babu yake, Mzee Vital, la kubebea maharage hadi soko la Bunia. Vital alimwachia mwanawe. Mwana akamwachia Josaphat. Vita ilipofika Fataki, ukoo ulikata shauri: heri kulifungua gari vipande kuliko kuwaachia waporaji. Kila jamaa akakimbia na chake. Shangazi Émilienne alibeba usukani mgongoni, ameufunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi askari alimuuliza:

"Mama, huyu mutoto iko na miezi ngapi?"

"Iko mugonjwa, papa. Usimuamushe."

Kapo lilibaki kwa Ézéchiel, mdogo wake Josaphat. Ézéchiel hakufika. Aliuawa nyumbani. Majirani walimzika upesi, bila jeneza, katika shimo fupi. Juu yake wakalaza kapo, mbwa wasimfukue. Tulikumbuke hilo, wasikilizaji: kapo liko juu ya kaburi.

Miaka ikapita. Josaphat akakusanya vipande, vingine kutoka Kpandroma, vingine kutoka kambi za waliokimbia. Hatimaye injini ikaunguruma. Fundi Fiacre akamwambia:

"Muzee, nitakukatia kapo ingine mu tôle, bati mupya. Kesho unatembea."

"Hapana. Itaenda Fataki vile iko. Tutamubeba mudogo yangu mu gari ya kwetu, tumuzike muzuri. Kisha kapo itarudia pahali yake."

"Basi injini yako itanyeshewa!"

"Inyeshewe. Yeye pia iko ananyeshewa."

Barabara ya Fataki ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Ilipofunguliwa tena, moyo wa Josaphat ulikuwa umesimama.

Mjane wake, Valérie, anasema kila mvua ilipoanza, mumewe aliacha sahani na kutoka nje. "Weye unasikia? Inapiga ku kapo."

Mtangazaji wenu haamini mizimu. Nilimweleza Valérie kwamba mvua hupiga mabati ya nyumba. Akanitazama.

"Angalia juu, papa. Siye tuko chini ya bâche."

Kweli. Paa lilikuwa turubai. Paa za majirani, turubai. Peugeot yenyewe ilikuwa mbali, kwa Fundi Fiacre. Tukiwa tumeketi, mvua ikaanza. Nilisikia bati likipigwa, polepole, kisha kwa nguvu. Sina maelezo, wala sitabuni.

Tunawapa pole Valérie, Shangazi Émilienne na ukoo wote. Nawe msikilizaji, mvua ijayo ikikukuta umeketi pakavu, mfikirie wako aliyelala mahali usipoweza kufika.

Baada ya mazishi, Valérie aliomba ruhusa gari liende Fataki, Ézéchiel aletwe alale karibu na kaka yake. Jibu limefika leo asubuhi, kutoka huduma ile ile ya magari. Imeamuliwa kwamba Peugeot hiyo, kwa umri wake na kwa ustadi uliotumika kuifufua, ni urithi wa mji. Kwa hiyo ni marufuku kuitoa Bunia. Tena, familia inaagizwa kuifunika kila mvua inaponyesha.