Faili la Bi Jaha

Je, umewahi kuona ukoo mzima ukitolewa mfukoni? Mimi niliuona ndani ya basi la Malindi, tukiwa kwenye foleni ya feri ya Kilifi. Abdulghani, kijana karani wa Mombasa, alimwonyesha mama aliyeketi naye kisahani cheusi cha kompyuta, chembamba kama manda ya sambusa.

"Humu mna watu mia tatu, mama. Kila tumbo lina faili lake. Bibi yangu, Bi Jaha wa Mambrui, ana lake na wanawe wote."

"Subhanallah!" nikasema, wala sikuulizwa mimi.

Mama yule aliposikia jina hilo akamgeukia, akauliza, "Na mtoto aliyemnyonyesha tu, asiyemzaa, yumo?"

"Hayumo. Kompyuta yauliza nani kamzaa nani."

"Basi mashine yako itamwoza mtu nduguye wa kunyonya, na ngoma zipigwe!"

Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Abdulghani akakigeuza kisahani huku na huku, kana kwamba mlango wa kuwatilia watu hao ungeonekana ubavuni. "Labda niwafungulie faili lao."

"Mbali na mama yao?"

Basi likasogea hadi ukingoni mwa maji, likasimama, tukaambiwa tushuke. Mama akabaki ameketi, kashika buibui lake.

"Mamangu alikufa uzazini," akasema. "Bi Jaha akaninyonyesha pamoja na babako. Naitwa Mwanatumu. Nataka uniandike kwake, mwanangu, pale pale walipo wanawe."