Kiapo cha Mjumbe

Basi la Maneromango lilipokaribia Kisarawe, mama mmoja, mjumbe wa chama, alimgeukia mzee aliyeketi kando yake, kiti cha mbele yangu.

"Leo tunapiga kura za maoni za ubunge, baba. Wawili wanakabana vibaya. Mmoja ameniezekea nyumba kwa mabati, akaniapisha kwa Msahafu kwamba nitampa kura."

Siku hizi huitwa takrima. Mimi nilifundishwa kuiita rushwa.

"Na mwenzake?" mzee akauliza.

"Hakunipa kitu. Ila ndiye anayefaa."

"Mpe huyo, mwanangu. Kura ni siri."

"Siri kwa Mungu pia?"

Mzee alicheka, kisha akaacha. "Basi yarudishe mabati."

"Mvua hizi? Wajukuu wangu wanalala humo."

Basi likasimama. Wapambe wa pande zote mbili walimzunguka mlangoni, wakimwita mama. Akapenya katikati yao, akaenda kupiga kura.