Makosa Kumi na Tisa katika Jedwali la Nereida

Mheshimiwa Meya, Padre Anselmo, Mama Mwenyekiti wa ushirika wetu wa kahawa, ndugu wageni waalikwa, na wewe mpwa wangu Nereida, unayetuacha kesho kwenda kusoma Montevideo:

Nani hapa asiyejua kwamba mimi huutambua ugonjwa wa kutu kwenye majani ya mibuni nikiwa juu ya nyumbu wangu wa mizigo anayekimbia, nimefumba jicho moja? Basi Nereida alipoifunza kompyuta kazi hiyohiyo, nilicheka hadi nyumbu akageuka kunitazama.

Akasema anachora "matriz". Kwetu neno hilo ni jedwali, na ni tumbo la uzazi pia. Mke wangu Clotilde akasikia mtoto hali chakula kwa sababu matriz ina mkanganyiko, akaja mbio na birika la mitishamba.

"Kunywa, mwanangu. Imeanza lini?"

"Hii ni matriz ya kompyuta."

"Basi nayo ipe nusu kikombe."

Lilikuwa jedwali la vyumba vinne. Majani mia moja yanapimwa. Lenye kutu ukaliita lenye kutu, zima ukaliita zima: hivyo ni vyumba vya sifa. Vya aibu ni viwili, zima uliloliita lenye kutu, na lenye kutu uliloliita zima. Chumba kikijaa, rangi yake hukolea.

Kompyuta ilikosea sita. Nikadai nami jedwali langu, kwa majani hayohayo. Nilikosea kumi na tisa, yote yamejazana chumba kimoja cheusi: kutu niliyoiita uzima.

"Kalamu yako imelewa," nikamwambia.

"Mjomba, tazama namba za majani. Yote uliyokosea yametoka shamba la mama."

Ndugu zangu, mama yake ni Hermelinda, dada yangu, tuliyemzika miaka sita iliyopita. Mibuni ile aliipanda kwa mkono wake. Misimu mitatu mmeniomba niikate isiambukize mashamba yenu, nami nikaapa kuwa ni mizima. Sikuwadanganya. Niliona kijani. Mtu anayemlilia marehemu wake, mlitaka aone nini?

Nereida, ungeweza kusema mjomba macho yamezeeka. Ulinionyesha tu ninakokosea, ukanifungulia jani la nacatamal ya mahindi nile.

Jumatatu nitaikata mibuni ile. Nawaomba mje na mapanga yenu, kwa maana peke yangu mkono utakataa. Nawe mpwa wangu, siku hiyo usipige simu. Piga miche mipya nitakayopanda hapo ikifika magotini, uniulize ina hali gani, kisha umuulize na Clotilde.

Asanteni kwa kunivumilia hadi hapa.