Wavinya na Vidonge vya Daktari Ngigi

Wasifu huu unasomwa na Kaleli, binamu wa marehemu, mtu asiyejua kubembeleza. Waliomchagua walimjua.

Marehemu Wavinya Kimanzi alizaliwa tarehe 2 Mei 1967 karibu na Kilimambogo, mtoto wa kwanza wa familia. Wa pili ni Kanini, huyu aliyeketi hapa mbele na kitambaa cheusi kichwani. Tangu utotoni, Kanini alikuwa akimaliza chakula chake kwanza, halafu wanagawana cha Wavinya.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka wa 1981, kisha akaajiriwa kukata vitambaa katika duka la Mzee Harbans mjini Thika. Kila mteja alipimiwa na kuongezewa kipande, mpaka mzee akapiga kelele: "Wavinya, hii duka ni yangu ama ni ya kanisa?" Wavinya alicheka, akaongeza tena.

Mwaka wa 1988 alifunga ndoa na Bwana Kimanzi. Waliishi mtaa wa Landless, hapo Thika, wakajaliwa Mwendwa na Janice.

Presha ilimpata mwaka wa 2019. Februari 2024, Daktari Ngigi, mwenye kliniki kule Ruiru, alimwomba aingie katika utafiti wa dawa mpya. Akamweleza polepole: "Mama, wengine watapata vidonge viko na dawa, wengine vitupu, ndio tulinganishe. Hata mimi sijui wewe umepata gani. Zile dawa za zamani usiache."

Wavinya aliitikia vizuri sana. Kufika nje akamwambia dada yake, "Mimi na daktari tunajuana. Kweli anaweza nipea dawa tupu?" Basi vidonge vyake vya zamani akaanza kumpa Kanini, ambaye pia ana presha, ila foleni ya kliniki humchosha.

Kila alipopimwa, presha ilikuwa imepanda. Daktari akauliza, "Mama, zile za zamani unameza?"

"Nameza, daktari."

Na Kanini, aliyekuwa amemsindikiza, akadakia, "Anameza. Mimi ndio humkumbusha." Ai, Kanini! Mdomo haukutetemeka hata kidogo.

Tarehe 11 Agosti 2025, Wavinya alianguka jikoni kwake akichambua mboga. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Alifariki jioni hiyo katika hospitali moja mjini Thika.

Juzi daktari aliita familia kliniki, akatueleza kwamba vidonge vya utafiti alivyopewa Wavinya havikuwa na dawa. Angemeza vile vya zamani, huenda tungekuwa naye. Daktari mwenyewe alilia. Kanini naye aliuliza kama vile vya zamani vimebaki vingine nyumbani.

Wavinya ameacha mume wake Kimanzi, watoto wake Mwendwa na Janice, wajukuu watatu, na dada yake Kanini. Kanini alipimwa leo asubuhi kabla ya kuja hapa, na presha yake iko sawa kabisa.

Mungu ampe Wavinya pumziko, na huko aliko amfundishe kunyima.