Msumari Uliobaki Mtupu: Maisha ya Candelario Torreglosa Herazo (1962–2025)

Ndugu, jamaa, majirani wa Olaya, wachezaji wa zamani na wa sasa, na ninyi viongozi wa klabu mliokaa safu ya mbele: familia imempa dada wa marehemu, Rosenda, kazi ya kuyasoma maisha haya. Yatasomwa kama yalivyokuwa. Atakayekereka na neno lolote anakaribishwa nyumbani baada ya maziko, kahawa ipo na majibu yapo.

Marehemu Candelario alizaliwa tarehe 2 Februari 1962, sikukuu ya Bikira wa Candelaria, katika mji wa María la Baja. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Eustorgio Torreglosa, mkata miwa, na marehemu Mama Denia Herazo, aliyeuza vitamu vya nazi kwa beseni kichwani. Mwaka 1970 familia ilihamia hapa Cartagena, mtaa wa Olaya, upande wa bwawani, ambako mvua ikinyesha maji huingia ndani bila kubisha hodi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka huo. Alikuwa mashoto, na wakati ule mashoto alionekana kama mtoto mwenye kasoro. Mwalimu wake aliufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa nyuma ya kiti ili ajifunze kuandika kwa wa kulia. Mama Denia alipopata habari aliliacha beseni kwa jirani, akaingia darasani na aproni yake, akakifungua kile kitambaa mwenyewe watoto wote wakimtazama.

"Mwalimu, huu mkono nimeuzaa mimi," alisema. "Ukikuchosha, nirudishie."

Hakuna aliyeugusa tena. Candelario alimaliza darasa la tisa mwaka 1978 akiwa na hati mbaya kupita kiasi. Jioni zake zote zilikwisha barabarani, akiwarushia wenzake vifuniko vya soda nao wakijaribu kuvipiga kwa mpini wa ufagio. Kifuniko kikitoka mkono ule kilikwenda wima, halafu kikakata kona dakika ya mwisho, na wakubwa kwa wadogo waliaibika.

Mwaka 1981 alisajiliwa na Alcatraces, klabu ya besiboli ya kulipwa, akiwa mrushaji. Ligi ilipofungwa kwa kukosa fedha, alibeba magunia ya vitunguu katika soko la Bazurto, akangoja. Miaka mingi ilipita, ligi ikafunguliwa tena, naye akarudi pale pale katikati ya uwanja. Alipenda kuwatania waandishi wa habari kwamba ligi imestaafu kabla yake.

Sasa inabidi uelezwe msumari. Wengi mnaujua. Ndani ya chumba cha kuvalia cha Alcatraces kuna boriti, na mchezaji akistaafu viatu vyake hutundikwa pale kwa msumari wenye jina lake, muziki ukipigwa. Mwaka 1999 vilitundikwa vya Nicanor Pautt, mdakaji aliyepokea mipira ya marehemu tangu ujana wao. Nicanor alikuwa na miaka thelathini na minane. Alirudi nyumbani, akakaa barazani, na uwanjani hakukanyaga tena hata kutazama. Redio ikitangaza mechi, aliizima. Candelario alikuwa akienda kumwona kila wiki, na kila akirudi hali chakula. Siku moja alimwambia mkewe kwamba Nicanor amekufa na hakuna aliyemwambia.

Tarehe 16 Januari 2005 Candelario alifika uwanjani akijua ni zamu yake kurusha. Alikuta bendi, maua na kiti cha kubembea kilichofungwa utepe. Msumari wake ulikuwa umeshagongwa. Hakuna aliyemuuliza, wala hakuna aliyemwambia. Rais wa klabu, Mzee Gerardo Bustillo, alisoma hotuba nzuri, akampa kipaza sauti aage. Watu walikuwa wameshatoa leso.

"Nashukuru kwa kiti, mke wangu atakipenda," Candelario alisema. "Ila sijasikia. Nani anarusha leo?"

Alipoambiwa ni kijana mwingine, alimpa yule kijana mkono na kumtakia heri. Kisha akatoka kwa lango kuu na viatu vyake begani, kile kiti kikimfuata kimebebwa na watu wawili. Tunasikia hadi leo kwamba alikosa adabu. Familia inajibu: mtu hazikwi kabla hajafa, hata kwa bendi.

Jumapili iliyofuata alikuwa akirushia timu ya wauza vitunguu wa Bazurto, katika uwanja wa vumbi usio na hata kivuli. Alikosa mdakaji. Akamfuata Nicanor barazani, wakaenda wote wawili klabuni, na Nicanor akapanda juu ya benchi, akavishusha viatu vyake mwenyewe. Ngozi ilikuwa imekauka ikabidi ipakwe mafuta ya nazi. Tangu siku hiyo miaka ishirini haikukosa Jumapili yao, na Nicanor yuko hapa leo, mwulizeni kama alikuwa amekufa.

Marehemu alifunga ndoa na Ubaldina Marimón tarehe 8 Desemba 1988. Walikutana nje ya uwanja, ambako Ubaldina alikuwa akikaanga arepa, mikate ya mahindi yenye yai ndani. Mama mkwe alitaka kujua mpira huo utaachwa lini. Candelario alimwahidi kwa heshima zote kwamba ataacha siku Ubaldina atakapoacha kukaanga, na Ubaldina, Mungu amweke, bado anakaanga. Kile kiti cha kubembea hajakikalia mtu. Kimebeba nguo za kupigwa pasi tangu siku kilipoingia.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa, ikawa lazima asafishwe damu hospitalini kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Daktari alitaka kuuandaa mkono kwa ajili ya sindano, akaushika wa kushoto kwa sababu kwa wagonjwa wengi huo ndio usio na shughuli. Candelario aliuvuta.

"Huo hapana, daktari. Huo wa kazini."

"Kazi gani tena, mzee, na hali hii?"

"Jumapili narusha. Chukua huu mwingine, sina nao neno."

Daktari alimtazama Ubaldina, Ubaldina akatazama dirishani. Wakauchukua wa kulia, nao ndio uliochomwa miaka minne yote. Wa kushoto anaingia nao kaburini bila kovu.

Tarehe 9 Machi mwaka huu alirusha raundi mbili. Mpira wake ulipigwa mara moja tu, na kijana aliyeupiga yuko hapa amevaa tai, tumemsamehe. Jumanne tarehe 11 alfajiri, akiwa amekaa kitandani akingoja gari la kwenda hospitali, alimwambia mkewe amechoka kidogo, akaegemea, akatutoka. Wapo wanaonong'ona kwamba mpira ndio uliomwua. Tunasema hapa mbele ya jeneza lake: zilimwua figo. Mpira ulimchelewesha.

Jana jioni ujumbe wa klabu ulikuja msibani. Walikuja kwa upole, na maua. Mzee Gerardo aliomba familia imkabidhi viatu vya marehemu ili vitundikwe leo, heshima yake ikamilike, kwa kuwa msumari umekaa mtupu miaka ishirini na watu wanauliza. Ubaldina alikuwa ameketi kichwani pa jeneza.

"Viatu viko miguuni, Mzee Gerardo," alisema. "Anayevitaka akamvue."

Hakuna aliyenyanyuka. Baada ya muda Mzee Gerardo mwenyewe alisogea, akatazama vile viatu vyenye tope la Jumapili, akavua kofia. Ameahidi kuung'oa ule msumari. Familia inamshukuru, na tutapita kuhakikisha.

Jumapili hii Bazurto wanacheza kama kawaida. Mpira wa kwanza hautarushwa na mtu. Nicanor atachuchumaa mahali pake, ataifungua glovu, na mwamuzi atatoa hukumu kama ulipita sawa. Akisema ulikwenda nje, atamweleza Ubaldina.

Marehemu ameacha mjane, Ubaldina. Watoto watatu, Yaneris, Wilfrido na Denia. Wajukuu wanne, mmoja wao mashoto, na shule yake imeshaarifiwa. Dada yake, Rosenda. Na Nicanor Pautt, ambaye kwetu ni ndugu.

Bwana alimpa mkono, Bwana ameupokea ukiwa bado kazini. Candelario, kaka, pumzika kwa amani. Kustaafu hukustaafu.